Saba Niliyoivua Mkanda

Shangazi Clérida mpendwa,

Naomba msaada wako, na naomba barua hii uisome kabla ya Jumamosi, maana baada ya Jumamosi haitakuwa na kazi tena. Jina langu usilitaje redioni. Wanaonijua watanijua tu, lakini bora wanijue kwa kuhisi kuliko kwa kusikia.

Mimi ni dereva wa basi dogo la hoteli moja karibu na bandari hapa Fort Lauderdale, na mke na watoto wangu wako kwetu Léogâne, ng'ambo ya bahari, huu mwaka wa sita hatujaonana. Hoteli yetu haina ufukwe wala bustani, imebanwa kati ya barabara kuu na ghala la matairi, lakini wageni hawakosi kwa sababu ya mpango wake: mgeni analala usiku mmoja kabla ya kupanda meli ya starehe, anatuachia gari lake na ufunguo kwa siku zote atakazokuwa baharini, sisi tunampeleka gatini na siku ya kurudi tunamfuata, yote kwa malipo ya mara moja. Pale mapokezi kuna bango linalosema kwamba ukishatukabidhi ufunguo huna tena la kuwaza. Na kweli hawawazi. Mtu mzima aliyeendesha gari kwa muda wa saa tisa kutoka kwao, anayejua kila njia, akishakupa ufunguo anageuka mtoto, anapanda basi na kofia yake ya majani na haulizi anapelekwa wapi.

Sasa nikueleze kuhusu namba, maana bila hiyo hutanielewa. Mimi nilisoma mpaka darasa la tano kwa masista, na sista wetu alitufundisha kuandika tarakimu kwa rula, moja ilikuwa na pua ndefu iliyoshuka mbele na saba ilikuwa na mkanda tumboni, na ukisahau mkanda vidole vyako vilikumbushwa. Unajua wewe, ndivyo sote tulivyofundishwa kule. Nilipopewa basi, msimamizi wetu Bwana Dunleavy aliichukua karatasi yangu ya wageni akaishika juu mbele ya watu wote akasema, "Hebu njooni mnisomee, hii ni saba au ni herufi? Umeivalisha saba mkanda, inakwenda kanisani?" Wakacheka, na mimi nikacheka, na kuanzia siku ile nikaivua saba mkanda ili niandike kama wao. Lakini pua ya moja hakuna aliyeniambia niiondoe, ikabaki. Kwa hiyo kwenye karatasi zangu moja na saba ni mapacha, na mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nikiwatofautisha, kwa mazoea tu.

Jumapili iliyopita nilikuwa na safari tano. Asubuhi mapokezi wananisomea majina na magati, mimi naandika. Safari ya mwisho walibaki wawili tu, Mzee Hollis Tackett na mkewe Bi Verna, watu wa Macon, miaka arobaini na sita ya ndoa, na hiyo meli walikuwa wameingoja tangu mwaka juzi. Mzee alikaa mbele pembeni yangu. Alikuwa dereva wa basi la shule miaka thelathini na moja na alitaka kuona ninavyoshika usukani. Bi Verna alikaa nyuma na karatasi zote mkobani. Nikatazama orodha yangu, nikaona moja, nikauliza kwa sauti, "Gati namba moja, mzee?" Naye akaitikia kwa kichwa akainua na dole gumba. Shangazi, sikujua kwamba kifaa chake cha kusikia alikuwa amekiacha ndani ya gari lake uani kwetu, akiogopa maji ya chumvi yatakiharibu. Mzee yule alikuwa anauitikia mdomo wangu tu.

Nikawashusha gati la kwanza. Palikuwa na meli pale, nyeupe, ndefu, kama zote. Wakajipanga kwenye foleni ya watu wengine karibu saa nzima juani, na walipofika mbele wakaambiwa meli yenu siyo hii, yenu iko gati la saba, wakakimbilia teksi na masanduku yao, na gati la saba walikuta mlango umefungwa dakika kumi zilizopita. Meli ilikuwa bado pale. Watu walikuwa juu wanapunga mikono.

Mapokezi wakanipigia simu nikawachukue. Nilipotajiwa "gati la saba" nikaitoa karatasi mfukoni nikaitazama, na hapo hapo nikajua. Haikuwa moja. Ilikuwa saba yangu isiyo na mkanda.

Nilikuwa nimepanga kusema njiani. Lakini nilipofika Bi Verna alikuwa ameshaanza. "Uliitikia kwa kichwa, Hollis. Nilikuona mwenyewe kutoka nyuma. Mtu anakuuliza namba na wewe unatikisa kichwa kama mjusi ukutani."

Mzee akasema, "Nilidhani anasema habari za jua."

"Jua! Miaka miwili nangoja, na wewe na jua!"

Halafu mzee akanigeukia mimi, akaniambia, "Samahani kwa usumbufu, chifu. Jumapili yako tumeiharibu." Mimi ndiye niliyeombwa samahani. Nikasema hakuna shida.

Ungekuwa ni ugomvi wa meli tu ningeumeza nikalala. Lakini jioni ile ile nilipowapelekea masanduku chumbani, Bi Verna alikuwa anaongea na binti yao Lorene kwenye simu iliyowekwa sauti ya nje, nikasikia binti akisema, "Baba, basi. Mwaka jana ulipotea ukienda kwa daktari wa meno, nikanyamaza. Sasa hili. Gari usiliguse. Nakuja mwenyewe Jumamosi kulichukua, na tukifika nyumbani tunakwenda kuiangalia ile nyumba ya wazee niliyowaambia, wana nafasi kuanzia mwanzo wa mwezi." Bi Verna haendeshi. Kwa hiyo watakaa hotelini wiki nzima wakimngoja binti, na gari liko uani kwangu, na ufunguo uko kwenye ubao wa funguo ninaoushika mimi.

Jana mzee alikuja uani. Sasa anavaa kifaa chake. Akaniuliza, "Chifu, naomba nikae ndani kidogo. Siliwashi." Nikamfungulia. Alikaa na mikono kwenye usukani kama nusu saa, mlango wazi, akanieleza habari za watoto aliowabeba kwenye basi lake, kwamba hajawahi kumwacha hata mmoja njiani. Halafu leo asubuhi, Jumanne, akarudi, hakuomba kukaa ndani. Alisimama tu akaniuliza, "Wewe ulikuwepo. Nataka kujua kitu kimoja. Mimi ndiye niliyekuambia ni gati la kwanza, sivyo? Maana sikumbuki, na mke wangu anasema hivyo, na kama nilisema na sikumbuki, basi Lorene ana haki."

Nami nikamjibu, "Ndiyo, mzee."

Nilisema hivyo, Shangazi. Sikuulizwa mara mbili. Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake polepole akishika magari yaliyopangwa, moja baada ya jingine, kama mtu anayepita kwenye giza, na ilikuwa saa tatu asubuhi.

Kazini nina maonyo mawili tayari, moja la kukwaruza gari la mgeni na jingine la kuchelewa siku ya mvua kubwa. Onyo la tatu ni kuonyeshwa mlango. Nilimwambia Exilus, anayefua mashuka, ambaye ndiye aliyesimamia ubatizo wa mwanangu wa pili, kwa hiyo tunaitana kompe. Akaniambia, "Kompe, una wazimu? Mzee wa watu ana nyumba, ana binti, ana nchi yake anamolala bila kuota anafukuzwa. Wewe una nini? Una shati la hoteli, na hata hilo si lako. Jumamosi binti anakuja, wanaondoka, kwisha."

Mirlande wa jikoni alikuwa anatusikia huku anafuta meza za kifungua kinywa. Akasema, "Na angekuwa baba yako?"

Nikamwambia, "Baba yangu hajawahi kuwa na gari."

"Basi angekuwa na nini? Kitu chochote alichokuwa nacho. Mtu anamwambia akili zake zimekwisha, na anayejua ukweli amesimama hapo na shati la hoteli."

Exilus akamwambia akapike mayai. Mirlande akamwambia mayai ya hoteli hayapikwi, yanapashwa moto tu, kama maneno yake.

Dada yake Mirlande anafagia hapo kituoni kwenu, ndiye atakayekuletea barua hii kesho. Nimechoka, Shangazi. Nikilala nawaona wanapunga mikono juu ya meli. Sitaki kupoteza kazi, na sitaki mzee yule apelekwe kwenye nyumba ya wazee kwa namba niliyoiandika mimi. Vyote viwili siwezi kuvishika. Nifanye nini?

Ni mimi,
Dereva wa basi dogo

*

Dereva,

Barua yako imenifikia Jumatano na inasomwa leo Alhamisi, kwa hiyo una kesho nzima. Sikiliza vizuri, na kama uko kwenye usukani simama pembeni.

Kosa la namba nimekusamehe kabla sijafika mwisho wa ukurasa. Mimi mwenyewe nilifua mashuka ya hoteli miaka kumi na tisa, na najua siku ya safari tano ilivyo, na nawajua mabwana wanaocheka mwandiko wa mtu mbele ya watu halafu hawampi karatasi iliyochapwa. Sista alikufundisha vizuri. Mtu mwingine akakufundisha nusu, na nusu hiyo ndiyo iliyowashusha wazee wa watu gati lisilo lao. Hilo ni kosa la kazi. Hutokea.

Lakini umeniandikia kurasa nne za saba na moja, na jambo lenyewe umelipitisha kwa maneno mawili katikati. "Ndiyo, mzee." Hapo hapakuwa na mwandiko. Hapakuwa na msimamizi, wala jua, wala foleni. Mtu alikuja kwako kwa sababu wewe ndiye shahidi pekee wa akili zake mwenyewe, akakuuliza, nawe ukamwibia. Usiniambie ulishikwa na hofu, najua ulishikwa na hofu. Mwizi naye hushikwa na hofu.

Umesema huwezi kushika vyote viwili. Nani alikuambia vina uzito mmoja? Kazi ya kuendesha basi iko hoteli nne kwenye barabara hiyo hiyo, nimezihesabu leo asubuhi nikija hapa. Mzee Tackett hana akili nyingine ya akiba.

Kuhusu kompe wako Exilus, mwambie nimemsikia. Mtu akikwambia mwenzako ana nchi na wewe huna, kwa hiyo unaweza kumdanganya, anakutukana wewe kuliko anavyomtukana mzee. Anakwambia kwamba ugeni wako umekufanya usiwe mtu wa kuaminiwa. Umekubali? Sidhani, maana usingeniandikia.

Sasa utafanya hivi. Kesho asubuhi, baada ya kifungua kinywa, si uani na si kwenye korido, utagonga mlango wa chumba chao na kuomba kukaa. Bi Verna awepo. Kabla hujafungua mdomo, hakikisha mzee amevaa kifaa chake, nisije kusikia kwamba umeungama kwa mtu asiyesikia ukahesabu umemaliza. Chukua karatasi ya Jumapili. Iweke mezani. Useme maneno machache, kwa Kiingereza chako hicho hicho, usitafute kizuri: Niliandika saba nikaisoma moja. Wewe hukuniambia namba yoyote. Jumanne uliniuliza nikakudanganya. Nisamehe. Basi. Usianze na masista, usianze na Bwana Dunleavy, usianze na Léogâne. Ukianza na Léogâne watakuhurumia, na wewe hukwenda pale kuhurumiwa. Wakiuliza ilikuwaje, hapo ndipo uwaonyeshe moja yako na saba yako.

Bi Verna atakasirika. Mwache akasirike mpaka achoke, meli ilikuwa yake pia. Akimaliza, mwombe ampigie binti yao wewe ukiwa umekaa hapo hapo, na useme na Lorene kwa mdomo wako. Ukimwachia mzee ajieleze mwenyewe binti atadhani amekushawishi. Lazima asikie sauti ya dereva.

Na usiongeze jambo. Usimwambie Lorene baba yake anafaa kuendesha. Labda hafai. Alipotea akienda kwa daktari wa meno, umeniandikia mwenyewe, na aliliitikia swali ambalo hakulisikia, na hilo nalo ni lake la kujibu. Mimi sijui, na wewe hujui. Daktari na watu wa nyumba ile watapima. Kazi yako ni kuhakikisha kwamba wanapopima, hawaweki kwenye mizani jiwe lako.

Ukitoka chumbani, nenda moja kwa moja kwa Bwana Dunleavy. Siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo, asisikie kwa wageni. Mweleze ulichofanya, kisha mwombe magati yawe yanachapwa na mapokezi kwa kila dereva, maana wewe si wa mwisho mwenye mwandiko wa masista katika hoteli hiyo. Usiombe huruma. Omba karatasi. Na kama ana onyo la tatu mkononi, lipokee kwa mikono miwili, saini, rudisha ubao wa funguo ukiwa umekamilika, msalimie Mirlande, na uondoke umenyooka.

Mkeo mwambie kwa simu kabla hajaambiwa na kompe.

Ukifukuzwa, njoo hapa kituoni Jumatatu saa tatu asubuhi na leseni yako. Kanisa letu lina basi, na dereva wake anastaafu mwezi huu. Nitakupeleka kwa mchungaji mimi mwenyewe na nitamweleza kila kitu, pamoja na "Ndiyo, mzee", kwa sababu ndivyo ninavyotaka akuajiri. Lakini kama Jumamosi gari la mzee litatoka uani kwenu likiendeshwa na binti na wewe umesimama getini unawapungia mkono bila kuwa umesema, basi Jumatatu usije.

Shangazi Clérida